Nilimfundisha binti yangu nyumbani kwa kutumia internet cafe ya Majengo, "No" moja nusura imrudishe darasa

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji tu, nacheka zangu kimya kimya na kuondoka. Ila leo nimeona mnabishana kama homeschooling ya mtandaoni inawezekana kwetu au ni mambo ya wazungu, nikashindwa kuvumilia.

Mnaongea kama kitu kimeshushwa jana airport. Sisi Songea tulishafanya, tena kwa kompyuta iliyokuwa inanguruma kama mashine ya kusaga.

Ninachosimulia ni kweli tupu. Asiyeamini apite, mtandao ni mpana.

Ilikuwa ile miaka ambayo soko huria lilishatuletea kila kitu. Mitumba ipo, soda za kopo zipo, shule za English medium zinachipua kila kona, na mwishoni kabisa ikaja internet cafe.

Soko huria hilo hilo ndilo lililonipunguza kazini. Nilikuwa mpiga chapa kwenye shirika la umma, likabinafsishwa, tajiri mpya akaja na mpiga chapa wake. Nikarudi nyumbani na spidi yangu ya vidole kumi isiyo na kazi.

Sasa binti yangu Imelda, wa darasa la tatu, alikwenda likizo kwa bibi yake Namasakata. Akapanda mkorosho. Akashuka bila kutumia miguu.

Paja likavunjika. Akapelekwa hospitali Mbesa, wakamfunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, kuanzia kiunoni hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Tukamrudisha Songea amelala kwenye godoro nyuma ya gari la watu alilokuwa anaendesha baba yake, kama mzigo wa korosho.

Akakosa shule karibu mwaka mzima. Shule yake ikasema atarudia la tatu.

Wakuu, huyu mtoto maumivu ya mguu aliyavumilia, lakini hilo la kurudia lilimvunja. Rafiki yake Kasta alikuwa anapita kila jioni kumwambia darasani wamefika wapi. Kasta akiondoka, Imelda anageukia ukutani. Nilikuwa namwona, na roho inaniuma hasa.

Kukawa na shule moja mpya ya English medium, wakasema wanapokea mtoto wa darasa lolote, mradi ashinde interview. Akishinda, anaingia la nne kama wenzake.

Nikasema basi, nitamfundisha mwenyewe. Spidi ya vidole ninayo.

Mdogo wangu aliyekuwa chuo Dar akanitajia kwa simu programu za mazoezi za mtandaoni, za hesabu na Kiingereza, za bure, za Wamarekani. Baba Imelda akiwa hana safari anampakia mtoto kwenye baiskeli, mguu umenyooka mbele kama bunduki, tunakwenda Majengo kwa Mzee Haule.

Mzee Haule alikuwa na studio ya picha kabla ya kuwa na internet cafe. Kompyuta alizijua kiasi cha kuwasha na kupiga kofi.

(Mlioanza na bando hamtaelewa: intaneti ilikuwa inapita kwenye waya wa simu. Mtu akipiga, kila kitu kinakatika. Na mke wa Mzee Haule alikuwa na kawaida ya kupiga kuuliza leo mboga gani.)

Hesabu zilikwenda. Ukipatia, chura wa kijani anaruka na kupiga makofi. Ukikosea, unasikia mlio wa kukudharau.

Tatizo maswali yenyewe. Mara Sarah ana quarter na dime.

"Mama, dime ni nini?"

"Sarafu ya kwao huko. Wewe jumlisha."

Hesabu za sehemu walikuwa wanafundisha kwa pizza. Pizza Songea ya wakati ule ungeipata wapi? Nikapika chapati, nikaikata vipande vinane, nikaenda nayo cafe. Mzee Haule akapita, akala kimoja bila kuuliza. Imelda akaandika saba juu ya nane, chura akaruka.

Hesabu mtoto akazinyoosha, sitanii. Alikuwa anafanya mpaka anaomba za darasa la mbele.

Mziki ukawa Kiingereza.

Siku moja kikaja kichoro cha kijana anaitwa Tom, yuko pekupeku. Chini wameandika: "Doesn't Tom have shoes?" Halafu vitufe viwili, Yes na No.

Imelda akabonyeza Yes. Mlio.

Nikamwambia sogea. Tom hana viatu? Ndiyo, hana. Nikabonyeza Yes mimi mama mtu mwenye cheti cha uhazili. Mlio.

Mzee Haule akavaa miwani, akamkagua Tom miguu, akasema, "Huyu hana viatu, ndiyo, hana." Akabonyeza Yes. Mlio.

"Hii mashine ina virusi," akasema, akaipiga kofi.

Watanzania watatu tumeshindwa na chura.

Tulihangaika hadi nikashtuka. Kumbe sisi tunamjibu aliyeuliza: ndiyo, umesema kweli, hana. Wale wenzetu hawana habari na aliyeuliza, wanajibu habari za viatu tu. Viatu hakuna, basi No.

Nikampa Imelda sheria ya kushika kichwani: kwa Kiingereza, kitu kama hakipo au hukitaki, jibu ni No. Usimwonee huruma aliyekuuliza.

Akafanyia mazoezi mpaka chura akawa haachi kuruka. Nikajiona nimezaa Mwingereza.

Siku ya interview ikafika. Hogo limeshatolewa, anatembelea gongo. Getini kuna kibao kikubwa: SPEAK ENGLISH ONLY. Hata mlinzi alinikaribisha kwa "good morning" saa nane mchana.

Mtihani wa kuandika akaumaliza mapema. Kisha Madam, mwalimu mkuu, akamwita ofisini kwa maswali ya mdomo. Mimi nikakaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha, sikio lote ndani.

Jina lako, baba yako anafanya kazi gani, Imelda anateleza tu. Mwisho nikamsikia Madam:

"So, you don't want to go back to Standard Three?"

"No, Madam."

"Are you sure?"

"Yes, Madam."

"Good girl."

Wakuu, ile No nilitamani kuipigia vigelegele. Nikamshukuru chura wa watu.

Nikaitwa ndani. Madam anatabasamu.

"Mama Imelda, hongera sana. Hesabu karibu zote, Kiingereza kizuri. Na kilichonifurahisha zaidi ni unyenyekevu wake. Mtoto amefaulu la nne, lakini mwenyewe kaomba aanzie la tatu."

Nikamgeukia Imelda.

Gongo la Imelda likaanguka chini, pwaa. Halafu akaangua kilio, na hakulia kwa Kiingereza.

"Nilisema sitaki! Madam, nilisema sitaki! Kasta yupo la nne, wote wapo la nne, mimi sitaki kubaki peke yangu!"

"But you said no," Madam akashangaa.

"Ndiyo, nilisema no! Sitaki!"

Madam akanigeukia. "Mama, mimi nimemuuliza, hutaki kurudi la tatu? Kasema hapana. Hapana maana yake si anataka?"

Na kwa Kiswahili yuko sahihi kabisa! Mtoto naye kwa Kiingereza yuko sahihi kabisa! Mwaka mzima wa kusukuma baiskeli unataka kuzama kwa herufi mbili, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Nilikuwa na hasira na Madam, na chura, na Tom na miguu yake. Lakini nikameza. Ukishakuwa na shida ofisini kwa mtu, unameza.

Nikasema, "Madam, shikamoo yako tena. Nakuomba umuulize upya, lakini kwa Kiswahili."

Akanitazama kama nimemwomba rushwa. Kwa mzazi Kiswahili kilimtoka, lakini kwa mwanafunzi kilikuwa mwiko; kile kibao cha getini alikiweka yeye. Kwa sheria yake, mtoto akikutwa anaongea Kiswahili anafagia uwanja.

Akamtazama Imelda, kamasi zinamchuruzika, mguu mmoja mwembamba kuliko mwenzake.

Akainuka. Akafunga mlango. Akafunga na dirisha.

Kisha akainama mbele ya mtoto, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetenda dhambi:

"Imelda, mwanangu. Hutaki la tatu?"

"Ndiyo, Madam. Sitaki."

Madam akarudi mezani, akakata tatu kwenye fomu ya mtoto, akaandika nne. Imelda akaiangalia ile nne, akajifuta uso kwa kiwiko, akauliza kama sare watampa siku hiyo hiyo.

Sasa nyie mnaobishana: programu za mtandaoni zinasaidia. Hesabu wangu kazijua kule. Lakini usimwache mtoto na mashine ukaenda kusuka. Mashine inamwandaa kwa watu wa huko ilikotoka, na watakaompima ni hawa wa hapa hapa, wenye Kiingereza chetu hiki cha kwenye ugali.

Uzi ni wenu sasa. Wenye watoto wanaosoma nyumbani semeni mnatumia nini na kimewaumbua wapi. Walimu wa English medium, najua mpo, tukaneni taratibu.

Ila likija jambo linalogusa maisha ya mtoto, funga mlango, funga dirisha, muulize kwa lugha ile ile anayolia nayo.