Dodoso la Mama wa Masoko

Makao makuu ya maktaba yalitaka kujua wasomaji wetu wanahitaji taarifa gani. Nikaacha madodoso mezani, pale maktaba ya Tukuyu, wiki nzima. Wanafunzi wakajaza majibu ya kunakiliana: vitabu vya kiada, vitabu vya kiada. Nikaagizwa niache kugawa karatasi, nihoji watu ana kwa ana.

Wa kwanza alikuwa mama wa makamo kutoka kijiji cha Masoko, buti za mvua zimejaa tope, karatasi ya hospitali ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Nilimkaribisha, nikashika kalamu.

"Mama, maktaba unaitumia mara ngapi kwa mwezi?"

"Leo."

"Unapenda kupata taarifa kwa njia gani? Vitabu, magazeti, simu?"

"Kwa kuambiwa, mwanangu." Akanisogezea ile karatasi. "Ni ya mzee wangu. Nitafutie kitabu kinachosema ugonjwa huu."

Ilikuwa ya Kiingereza. Niliisoma mara moja, nikarudia, nikitumaini nimekosea. Saratani ya ini, imeshasambaa.

"Daktari alikwambiaje?"

"Alisema tukamtunze nyumbani. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema, tukamtunze."

Niliinuka, nikaenda kwenye rafu ya afya. Nilijua kilichokuwepo: kitabu cha wakunga, kingine cha kipindupindu, na kimoja kinene cha Kiingereza kisicho na jalada. Nilisimama pale nikivigusagusa kwa sababu sikutaka kurudi mezani.

Niliporudi nikamwambia hatuna. Nikamshauri arudi hospitali na mtu wa kumtafsiria kwa Kinyakyusa.

"Wewe umesoma," alisema. "Imeandikwa nini?"

"Saratani, mama."

"Inapona?"

Nilitafuta neno la Kiswahili, nikatafuta la Kinyakyusa. Alinitazama mpaka akaelewa, akaikunja karatasi taratibu kwa mikunjo yake ileile.

"Ndaga," alinishukuru, kana kwamba nimempa kitu. Akaniomba niandike namba yake, nikipata kitabu nimpigie. Niliiandika pembeni ya dodoso, ingawa tulikatazwa kuandika chochote cha kumtambulisha mtu.

Sikumpigia. Kila niliposhika simu nilijiuliza nitamwambia nini. Baada ya majuma kadhaa, muuza ndizi mmoja wa Masoko aliniambia sokoni kwamba yule mzee wameshamzika, na kwamba siku za mwisho mkewe alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, akimuuliza kila mgeni kama anajua kusoma.

Ripoti nilikuwa nimeshaituma. Yule mama nilimweka kwenye safu ya wanaohitaji taarifa za afya: mtu mmoja.