Sanda za Guyo

Harufu ya leso mpya hunichefua hadi leo. Wenzangu wakiingia dukani hukinusa kitambaa wakasema kinanukia sikukuu. Mimi hutoka nje nikawangoja barazani. Harufu ile ya wanga na rangi ilijaa kibandani mwetu mwaka wa ukame, mwanzoni mwa miaka ya themanini, tulipohamia mjini Isiolo. Baba alikuwa amefariki, na ng'ombe wetu walianguka mmoja mmoja kule Biliqo mpaka zizi likabaki na inzi. Mama akatupandisha lori kutoka Merti, mimi na mdogo wangu Guyo aliyekuwa hajaanza kutambaa, tukajenga kibanda cha mikeka na magunia kando ya njia ya Burat, pamoja na wengine waliofilisika kama sisi. Maziwa ya mama yalikuwa yamekauka. Guyo alihitaji maziwa ya mbuzi, hiyo ndiyo iliyokuwa shida yetu yote, na hata mimi niliyekuwa mtoto niliijua.

Watoaji walikuwepo, siwanyimi haki yao. Kulikuwa na Haji Warsame, mwenye malori, ambaye babu yake aliletwa na jeshi la wakoloni. Kulikuwa na Galgalo, mfanyabiashara wa mifugo, na Mama Shamsa mwenye hoteli. Wote walifunzwa kwamba sadaka bora ni ya siri, mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia, nao waling'ang'ania neno hilo kama kupe. Ramadhani ilipoingia, baada ya magharibi mtoto wa fulani alikuwa akija na kifurushi cha gazeti, akakiacha mlangoni na kutimka. Tukifungua, leso. Kesho yake mtoto mwingine, leso nyingine. Kila mmoja alikuwa amemwona mjane kavaa matambara, akajiambia kwamba chakula bila shaka wengine wamepeleka. Mwenye duka la nguo peke yake ndiye aliyeijua siri hiyo, akanyamaza kwa kuwa biashara ilimnyookea. Watu hupenda kusema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi nasema moyo usio na masikio ni nyama tu.

Mama aliuza leso moja, akapata maziwa ya siku chache, na Guyo akaanza kucheka tena. Kisha mke wa Haji akaitambua leso yake kiunoni mwa mwanamke mwingine sokoni. "Anauza sadaka," akatangaza, "kumbe hana shida." Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kununua, na vifurushi vikakoma. Mama akaenda hadi langoni kwa Haji kueleza. Mlinzi akamwambia Haji ameshamsaidia, arudi nyumbani. Kwetu Biliqo mtu aliyepoteza mifugo haombiombi mlangoni. Ukoo hukusanyika, yeye husema hasara yake, na kila ndugu husimama mbele ya wenzake akamtaja mnyama atakayemtoa. Huku mjini mama hakuwa na mkutano wa kuuambia neno, na aibu ikamfunga mdomo. Guyo akawa mwepesi mikononi mwangu, na kilio chake kikawa kidogo.

Alikufa asubuhi moja baada ya Idi. Habari ilifika mjini upesi, na hapo ndipo watoaji wetu walipokuja kwa miguu yao wenyewe. Haji alitangulia, akiwa na kitu chini ya kwapa. Galgalo akafika, naye ana kitu chini ya kwapa. Mama Shamsa akawakuta wamesimama mlangoni, wakitazamana. Kila mmoja alikuwa ameleta sanda. Mama aliwaangalia bila chozi.

"Mtoto yangu amekufa ni mmoja," akasema. "Hizi zingine mumeletea nani?"

"Mimi nilijua Galgalo ameleta maziwa," Haji akasema. "Si yeye ndiye ako na mifugo?"

"Wallahi, mimi nilileta leso. Nilifikiri maziwa ni ya Mama Shamsa."

Mama Shamsa alijifunika uso kwa mtandio. "Hata mimi ni leso," akasema.

Walimzika Guyo kwa sanda moja. Waliporudi, mama aliwaamuru waketi kwenye mkeka na kila mmoja aseme mbele ya wenzake atatoa nini, kama Biliqo. Siku iliyofuata wakaleta mbuzi. Wa Haji alikuwa mnene, anang'aa, lakini Galgalo alimfungua mdomo, akampapasa kiwele, akacheka. "Haji, hii ni nyanya. Meno hakuna, na chuchu moja imekufa. Rudisha." Haji alifoka matusi yote ya barabarani, akamrudisha, akaja na mwingine mwenye mtoto. Tangu siku hiyo alijua kumkagua mbuzi. Nilikunywa maziwa yale nikiwachukia wote watatu.

Kikundi kilichozaliwa kwenye mkeka ule hakikufa. Leo kina watoto wao, nami ni mwanachama. Kwanza twaenda pamoja kwa mwenye shida, tunamuuliza, ndipo tunakaa na kila mtu anasema atakacholeta na wenzake wanamkosoa. Asiyeuliza hana ajifunzalo. Ukame uliopita wafadhili wa Nairobi walifika kila mmoja na gari lake, bango lake na mpiga picha wake, na wote wameleta maharagwe kwa watu wasio na maji ya kuyapikia. Niliwaambia hivyo mbele ya kamera zao. Watu husema nina ulimi mkali, nami sijawahi kukana.

Majuzi wageni wengine walikuja kujifunza kwetu namna ya kutoa kwa pamoja. Mwenyekiti wetu, mwana wa Haji, akawaeleza kwamba wazee wetu walikaa chini wakajaliwa hekima. Wakapiga makofi. Nilisimama nikasema wazee wetu hawakukaa chini mpaka ndugu yangu alipozikwa. Mwenyekiti akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini huyo ndugu yangu aliitwa nani. Ameongoza kikundi kile miaka yote hiyo na hakuwa akijua. Nikamwambia jina, kisha nikamwamuru alitaje mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wote.