Mzee Mwenye Ndevu Nyeupe

Harufu ya karanga za kukaanga ilinifikia nikiwa katikati ya filamu ya Kihindi, toleo jipya la ile niliyoiona utotoni kwenye kibanda cha video, mtaani Namuwongo. Kule mtafsiri alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akitusimulia kwa Kiganda huku risasi zikilia. Sisi tulikuwa tumetoka Kongo majuzi tu, bila baba, na Kiganda sikukijua. Mama alininong'oneza kwa Kiswahili, pumzi yake ikinukia karanga.

Majambazi walipomtupa baba wa shujaa mtoni, nilimshika mama mkono.

"Mama, amekufa?"

"Hapana. Anajua kuogelea. Atarudi mwishoni."

Nikangoja. Magari na ngumi sikuvijali tena. Kwenye harusi ya mwisho akatokea mzee mwenye ndevu nyeupe, akamkumbatia shujaa.

"Ni yeye?"

"Ni yeye. Ndevu zimeota njiani."

Toleo hili jipya lina picha safi na mapigano ya kasi, na maneno yameandikwa chini kwa Kiingereza. Kumbe yule mzee ni mjomba wa bibi harusi. Nilirudisha nyuma mara mbili, hadi pale mtoni, kuhakikisha. Baba hakutoka majini.

Mama alikuwa nyuma yangu, akipepeta karanga. Nikamuuliza kama siku ile yeye alikuwa anaelewa Kiganda.

"Hata neno," alisema, macho yake yakiwa kwenye ule mto. "Lakini hii mpya wameiharibu."