Mpira Usiruke Lupango

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na harufu yake naikumbuka: majani yaliyochomwa porini, na vumbi linaloomba mvua ya kwanza. Majira yalikuwa kama haya tuliyo nayo sasa. Nilikuwa mke mpya wa Umba, yule aliyekuwa anakimbia pembeni kulia katika timu ya mtaa wetu wa gare, pale stesheni ya treni, na watu walikuwa wanasema kwamba Umba akikimbia, treni ya Bukama inaona haya. Lakini siku ile Umba hakukimbia. Alikuwa amekaa kwenye kiti nyuma ya nyumba, mguu umefungwa kwa vijiti na kamba, uso ameuelekeza ukutani.

Nakuandikia wewe, Ilunga, kwa sababu mwaka huu wewe njo kapteni, ndiwe unayewaongoza, lakini wasomee na wenzako. Mimi ni nkambo wenu, bibi yenu, Ngoie wa Umba, nyumba ya karibu na sinyali ya zamani ya treni. Shule sikufika mbali. Masista walinifundisha herufi na kushona, basi. Lakini majina ya watu hayanitoki kichwani, na mwenye kukumbuka majina anaishi na watu wengi ambao hawapo.

Wakati ule timu yetu ilikuwa imetoka kwenye mwaka mbaya. Tulipigwa nyumbani, tukapigwa ugenini, mpaka wanawake sokoni wakawa wanatuuliza kama tunawapa wachezaji bukari, ugali wetu, au tunawapa majivu. Halafu, msimu mpya ulipokaribia, mambo yakageuka. Alitokea Banza, kijana mrefu wa Bukama, aliyeshuka kwenye treni na kifurushi cha samaki wakavu na viatu vya mpira shingoni. Kiwanja kikafyekwa. Mwamba, fundi wa cherehani, akashona jezi mpya. Kila mahali ulisikia neno moja la msimu huo: “Saison hii njo yetu!” Na mimi sicheki tumaini, mwanangu. Tumaini ni kama mzizi wa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi: usipoutia kwenye chungu, unakunywa uji wa mahindi uliopoa tu.

Sasa, kulikuwa na desturi yetu ya gare, ambayo ninyi mmeikuta imechakaa. Siku chache kabla ya mechi ya kwanza, timu ilikuwa inautembeza mpira. Walianzia kiwanjani, wakapita kila lupango, yaani kila ua wa nyumba, yenye mtoto aliyevaa jezi, kwa miguu, wakiimba. Wakifika mlangoni walikata wimbo. Mpira uliingia kwanza, watu nyuma yake. Mama wa nyumba aliushika kwa mikono miwili, akauambia neno lake, akawapa kata ya munkoyo, kisha wakatoka na wimbo ukaanza tena. Hata kwa Papa Ramazani, mfanyabiashara Mwislamu wa Maniema, uliingia. Mtoto wake Saidi alikuwa golini, na mzee aliusomea dua kama anavyomsomea mgonjwa. Mwisho wa safari ulikuwa kwa Mama Numbi, mama yake Kyungu, kapteni wetu. Yeye njo alikuwa mkubwa wa wanawake wote wa mtaa. Aliupaka mpira mpemba, ule udongo mweupe wa baraka, na hapo msimu ukawa umefunguliwa.

Mwaka ule nilipika munkoyo mapema. Nilifagia mbele ya nyumba mpaka fagio likalalamika. Umba alikuwa amevunjika mguu mazoezini, na tangu siku ile maneno yake yalikuwa ya kuhesabika: maji, chumvi, asante. Nikamwambia leo wenzako watakuja, acha nikugeuzie kiti kitazame njia. Akakubali. Nikamvalisha shati safi. Tukasikia wimbo unakatika kwa Mwamba, tukausikia unakatika kwa Papa Ramazani. Umba akanyoosha kola yake.

Wimbo ukafika kwetu. Ukapita.

Niliona vichwa vyao juu ya uzio wa matete. Niliona Kyungu anatazama viatu vyake. Umba alisema tu, “Ngoie, rudisha kiti nyuma.” Nikakirudisha. Mwanangu, mimi nimezika wazazi, nimemzika mume, lakini kiti kile kilikuwa kizito kuliko jeneza.

Yaliyofuata alitusimulia Banza, na alikuwa anaiga sauti ya Mama Numbi mpaka mama mwenyewe siku moja akamsikia na kumrushia sandali. Walifika kwake wakitoka jasho na furaha. Mama alikuwa amekaa, bakuli la mpemba amelifunika na kitenge chake.

“Mama, leta mpemba,” Kyungu akasema. “Jua inashuka.”

“Mulipita kwa nani?”

“Kwa bote, mama.”

“Kwa bote! Macho yangu ilizeeka, masikio iko mazima. Wimbo ilikatika kwa Mwamba, ikakatika kwa Ramazani, kiisha ikaenda moya kwa moya mpaka kwa Kasongo. Pale katikati Umba alikufa? Juu ya nini sikusikia kilio?”

Kyungu akakuna kichwa. “Mama, ule muguu ilivunjika. Tuliogopa bahati mubaya iingie mu mupira. Leo ni siku ya furaha.”

“Minyi nilivunja mukono mwaka weye ulizaliwa,” Mama Numbi akamwambia. “Nilikubeba na ule mukono mwingine. Bahati mubaya ilikuingia weye? Ao njo ile inafanya unapiga penalti mu miti?”

Vijana wakaangua kicheko, na Banza alicheka kuliko wote.

“Na weye murefu wa Bukama, unacheka nini? Leo muguu ya Umba, kesho yako. Kwenu iko mbali kuliko kwake. Ukianguka hapa, nani atakuletea mupira?”

Banza alituambia kwamba hapo njo aliona, kwa mara ya kwanza tangu ashuke treni, kwamba yeye ni mgeni katika mji wa watu.

“Mupira yenye kuruka lupango siipaki mpemba,” Mama Numbi akamaliza. “Muende kule, kiisha murudie. Minyi niko hapa.”

Wakarudi. Hawakuimba. Kyungu aliingia peke yake nyuma ya nyumba, wengine wamejazana pembeni kama mbuzi waliokula mihogo ya watu, akaweka mpira mapajani pa Umba. Hakusema samahani. Mimi nilisimama na kata mkononi. Umba aliutazama ule mpira. Akaubonyeza kwa dole gumba. Akaubonyeza tena.

“Kyungu,” akasema, “hii mupira iko laini kama bukari ya bibi-harusi. Munaenda kucheza nayo kweli?”

Bibi-harusi nilikuwa mimi. Nikamrushia kata, munkoyo ukamwagika, watu wote wakacheka mpaka Papa Ramazani akatoka kuuliza kuna nini. Umba akaagiza pompo ya kutia upepo. Akaushika mpira kati ya mapaja, mguu wake mbaya umenyooshwa mbele, akaujaza mpaka ukalia kama ngoma ukiupiga kwa kucha. Tangu siku ile ikawa ndiyo kazi yake. Mbio zake hazikurudi, mguu ulipona umepinda, lakini hakuna mpira wa gare uliogusa uwanja kabla haujapita mikononi mwake. Alikuwa anakwenda kwenye kila mechi na pompo begani kama mwindaji na bunduki.

Mtauliza kama tulichukua kombe. Hatukuchukua. Tulishinda zaidi ya mwaka uliotangulia, na kombe likaenda kwa wengine. Lakini mimi mume wangu alirudi, akaanza tena kulalamikia chakula. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi naongeza kwamba koleo halijiungi lenyewe, lazima mtu aingie uani kuliokota.

Sasa wote wamekwenda. Kyungu, Mwamba, Saidi wa Ramazani, Kasongo, Banza ambaye hakurudi tena Bukama akazikwa hapa hapa kwetu. Mama Numbi kabla yao wote. Umba wangu. Watoto wangu wako Lubumbashi na Kolwezi. Wananipigia simu, wananiuliza kama nimekula, na mimi najibu ndiyo kabla hawajamaliza kuuliza, ili wasipate wasiwasi. Treni hazipiti kama zamani. Siku nyingine sauti ya kwanza ninayoisikia ni yangu mwenyewe, namkemea kuku.

Hata miaka ile timu ilipolala, bila kocha, bila mpira, mbuzi wanakula katikati ya kiwanja, kila mwaka majira haya nilipika munkoyo. Nilijua hakuna atakayekuja. Nilikunywa kidogo, nikamwaga kilichobaki. Mwaka jana iliamka kwa shida, ikaponea chupuchupu; kwa hiyo mliposema mwaka huu inasimama kweli, ee, mwanangu, nilifurahi! Nilikwenda kuwatazama mazoezini nimesimama nyuma ya goli. Niliona jezi za njano. Niliona vijana wale waliotoka Malemba-Nkulu na familia zao, wana miguu mepesi ajabu. Kocha wenu mpya ana sauti ya padri wa Kwaresima. Nikasema moyoni, kweli, huenda njo mwaka wenyewe.

Jumamosi mkapita na pikipiki, na kipaza sauti kimefungwa kwenye ile ya mbele. Nilikuwa mlangoni. Wewe Ilunga ulinipungia mkono: “Nkambo! Saison hii njo yetu!” Na mimi nikapunga, nikacheka, meno yangu yote mliyaona, yale yaliyobaki. Halafu vumbi likatulia. Sikulaumu kwa hilo. Mimi ni mzee, sina mtoto katika timu, na munkoyo unachacha hata ukinywewa.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Niliendelea kutega sikio, kwa mazoea tu. Kipaza sauti hakikukatika popote. Hakikukatika hata kwenye kona ya Kabamba, mama yake Monga. Monga, Ilunga! Yule kipa wenu wa msimu uliopita, aliyeumia goti katika mechi ya mwisho akiokoa mpira ambao ungewazamisha. Najua hukumruka kwa chuki. Kyungu naye hakuwa na chuki. Furaha kubwa ina ugonjwa wake: inaogopa kumtazama aliyeumia.

Leo asubuhi nilimkuta Kabamba bombani. Aliweka ndoo chini akanishika mkono.

“Nkambo, aliposikia banakuya, alivaa ile jezi yake ya zamani. Akajikokota mpaka ku mulango, akaikala. Bakapita. Akaivua, akaikunja, akaniambia: ‘Mama, Ijumaa napanda lori ya Kolwezi. Nakwenda kuchimba madini.’”

“Na lile goti?”

“Njo minyi pia nilimuuliza. Akasema kule chini bantu banatambaa tu, goti si kitu.”

Mwanangu, mashimo yale nayajua kwa majina. Mulongo wa mtaa wa juu alikwenda akiwa na miguu miwili mizima, na mama yake mpaka leo hana kaburi la kupalilia. Kule chini hakuna mwamuzi wa kupiga filimbi ukianguka. Mechi yenu ni Jumapili. Lori ni Ijumaa. Mimi na Kabamba hatuwezi kumzuia. Mwanaume wa umri ule hazuiwi na kikongwe na mama. Anaweza kuzuiwa na mpira.

Basi nasaha yangu njo hii, na ungeweza kuipata kwa Mama Numbi mwenyewe. Tumaini la timu lianzieni kwa yule ambaye hana. Washindi wana kelele za kuwatosha. Mkiutembeza mpira, shukeni kwenye pikipiki mtembee, kwa sababu mwenye mbio haoni mlango uliofungwa nusu. Na mkimkuta aliyevunjika, msimpe pole. Pole ni kama maji ya kunawa, inamwagwa chini. Mpeni kazi. Kocha wenu ana vijana wawili wa goli ambao hawajui hata kusimama. Nimewaona kwa macho haya, wanarukia kivuli. Monga anaweza kuwafundisha akiwa amekaa kwenye kiti.

Na pompo ya Umba bado ipo. Inaning'inia nyuma ya mlango wangu. Kila mwaka naipaka mafuta ya mawese ngozi yake ya ndani isikauke, sikujua namwekea nani. Sasa najua. Mpelekeeni Monga, pamoja na mpira uliolegea kidogo. Uacheni ulegee kwa makusudi. Mwekeeni mapajani, halafu mnyamaze, mwone.

Ila pompo hiyo haina miguu. Itabidi mpite hapa kwanza kuichukua. Uzio nimeufunga kwa waya kwa ajili ya mbuzi wa jirani. Sukuma tu, waya hauna nguvu. Ule munkoyo wa Jumamosi nimeumwaga. Leo nimetia mzizi mwingine kwenye chungu, kesho utakuwa mtamu.

Vidye, Mungu wa baba zetu, awape pumzi isiyokatika na vifundo vya miguu vigumu. Awafungulie goli la wengine na alifunge la kwenu. Asiyeweza kukimbia kati yenu asikose wa kumngoja. Mrudi nyumbani wote mliotoka, kwa hesabu ile ile, na Monga akiwamo.

Sikio langu la kulia siku hizi linanidanganya, na kubisha hodi sitasikia. Kwa hiyo mje mkiimba. Mkifika mlangoni kwangu, kateni wimbo. Hapo nitajua.