Jozi Moja kwa Mlima Wako

“Unatelezaka fasi gani, mama?”

Hilo ndilo swali nililoulizwa siku moja ya Januari, katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya michezo huko Springfield, Virginia. Fasi ni mahali, kwa Kiswahili cha watu wa Bukavu, na mzee aliyeniuliza alitoka huko. Alitaka tu kujua nateleza kwenye mlima gani na kwenye theluji ya namna gani, ili anisaidie kuchagua ski za kununua, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Nilikuwa na shahada ya falsafa. Nilikuwa nimewahoji wachungaji, wahadhiri na mama yangu mzazi mpaka wakachoka. Swali hilo dogo likanifunga mdomo.

Mwanangu, najua wewe unaniita anti, na najua ukimaliza kusoma haya utanijibu kwa Kiingereza. Sawa. Soma tu mpaka mwisho. Nimesikia unataka kununua ski, na nimesikia pia ni nani aliyenunua zake wiki iliyopita, na jinsi ulivyonyamaza mezani alipotajwa. Kunyamaza huko nakujua. Niliishi ndani yake miaka kadhaa.

Ilikuwa miaka michache baada ya mwaka elfu mbili. Nilikuwa nakaa Takoma Park, katika chumba kimoja juu ya saluni, na dada yangu Moraa alikuwa anakaa Germantown katika nyumba mpya yenye ngazi ndani. Moraa ni binti wa mama yangu mdogo, kwa hiyo kwetu Kisii ni dada, basi. Mimi nilimtangulia Amerika kwa miaka mitatu. Nilimpokea uwanja wa ndege, nikamfundisha kupanda treni, nikamwonyesha kanisa letu na duka la unga. Kabla hujafumba na kufumbua yeye alikuwa nesi kamili, mwenye gari, na mimi bado nilikuwa nawanyanyua wazee kutoka kitandani hadi kwenye kiti katika nyumba ya kuwatunzia, nikingoja nafasi ya kusomea uuguzi. Nafasi yenyewe nilikuwa nimeingojea miaka miwili. Majira yale ya baridi barua ilikuja hatimaye: ningeanza mwezi wa tatu, mradi niwe na nguvu za kusimama na kunyanyua wagonjwa zamu nzima. Miguu yangu ndiyo iliyokuwa ikinilisha, na ndiyo ambayo ingenivusha. Likumbuke hilo, maana mimi nililisahau.

Moraa alianza kuteleza kwenye theluji kwa kufuatana na manesi wenzake. Walipomuuliza kama ataweza, aliwajibu, “Kisii yote ni mlima. Mimi nimezaliwa nikiteremka.” Hapo hakudanganya. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukikalia gamba la mgomba na kuteleza kutoka kwa nyanya mpaka mtoni, na gamba lile lile lilitupitisha kwenye majani, kwenye tope na kwenye barabara nyekundu ya murram. Ila mwalimu wake nilikuwa mimi. Yeye alikuwa akilia juu mpaka nikae mbele yake anishike kiuno.

Sasa Jumapili moja akaja kanisani na jozi tatu za ski zimefungwa juu ya gari, kwa sababu alikuwa anaelekea milimani baada ya ibada. Watu wakatoka na vikombe vyao vya chai kwenda kutazama. Mzee mmoja wa kanisa akauliza kama hizo ni mbao za kitanda.

“Hii nyembamba ni ya barafu,” Moraa akaeleza, akizigusa moja moja kama mama anayetambulisha watoto wake. “Hii pana ni ya theluji laini, ile ya kuzama mpaka magotini. Na hii fupi ni ya matuta.”

“Na ya kwenda mbinguni umeiacha nyumbani?” nikamuuliza.

Watu wakacheka. Moraa naye akacheka, kisha akanitazama. “Aki Kerubo, roho yako leo iko wapi?”

Roho yangu ilikuwa juu ya lile gari, mwanangu. Nami nilikuwa nimeanza kuteleza nyuma yake, na ili ujue nilivyokuwa, buti nilizokuwa navaa mlimani zilikuwa zake za zamani. Alinipa alipopata mpya, na miguu yetu ni saizi moja tangu utoto. Kila nilipozifunga nilihisi kama nafunga shukrani nisiyoitaka. Ski nilikuwa nimekodisha za msimu mzima, zenye namba kubwa nyeupe iliyopakwa ubavuni, ili kila mtu kwenye foleni ajue ni za kukodi.

Nikaamua kununua. Uwezo wangu ulikuwa wa jozi moja tu, kwa hiyo nikataka moja itakayozifunika zote tatu za Moraa: ndefu kama yake ndefu, ngumu kama yake ngumu, na pana kuliko yake pana. Nilisoma majarida kwenye treni kwa wiki mbili. Nilijua maneno yote. Niliweza kukuambia kwa nini ski pana huelea kwenye theluji laini, na kwa nini nyembamba hugeuka upesi na kuuma barafu. Kila gazeti nililipinga pembeni kwa kalamu. Kitu kimoja tu sikukihoji, nacho ni kwa nini nilitaka kile nilichotaka.

Ndipo nikaenda Springfield. Mzee wa karakana aliitwa Papa Anselme, na papa kwao ni baba. Alikuwa mtu mfupi mwenye aproni iliyojaa nta, ambaye kazi yake ilikuwa kunoa kingo za chuma za ski, kuzipaka nta, na kufunga vile vishikio vinavyoshika buti. Wateja walisema hakuna mtu Virginia nzima anayezijua ski kama yeye. Nikampa karatasi ya duka niliyokuwa nimeijaza. Mahali pa uzito nilikuwa nimeandika uzito wangu. Mahali pa kueleza unavyoteleza, nilikuwa nimeandika: kwa kasi, popote.

Akaisoma, akaniuliza lile swali. Kisha akachukua ski zangu za kukodi nilizokuwa nimemletea apake nta, akazilaza juu ya meza matumbo juu. Akapitisha kidole kwenye kingo polepole, mtu angedhani anasoma barua ya mtu wa kwao.

“Angalia hapa. Kingo ya ndani imeisha, ya nje iko mupya. Unajua juu ya nini? Juu weye unafungua miguu, unafunga breki kutoka juu mpaka chini.” Akanionyesha mikwaruzo. “Na hii ni barafu na majiwe. Theluji ya kuzama haikwarue hivi. Fasi yako ni kilima kigumu, mama. Sasa ile ski pana unaitaka juu ya nani?”

“Juu ya” kwao ni “kwa sababu ya”. Angesema “juu ya nini” ningemjibu kwa kurasa mbili. Alisema nani.

“Papa, nimekuja kununua. Sijaja kuungama,” nikamwambia.

“Ndiyo. Lakini minafunga vishikio kufuata karatasi, na hii karatasi ya kasi ni ya mutu mwingine.” Akanirudishia karatasi pamoja na nyingine tupu. “Andika ya muguu yako. Kishikio kikikazwa sana, ukianguka hakifunguke. Ski inabaki na muguu, goti inazunguka.”

Nilimwachia karatasi zake zote mbili, nikaondoka bila kununua. Njiani nikawa nabishana naye kichwani: yeye ni nani aniambie, eti kwa mikwaruzo! Mtu anaweza kuteleza vibaya leo na vizuri kesho. Ndivyo nilivyojisemea, na hoja ilikuwa nzuri kabisa. Hoja nzuri nimekuwa nazo siku zote.

Jumamosi iliyofuata Moraa akanipitia, tukaenda milimani Pennsylvania na ski zake tatu na zangu za namba. Usiku uliotangulia mvua ilinyesha kisha ikaganda, na mlima ukawa kama sahani. Moraa akatoa ile nyembamba, akanionea huruma, akasema, “Shuka upande wa watoto leo, wacha hii barafu ikuzoee.” Alisema kwa nia njema. Mimi nilikumbuka kwa nyanya, mto wetu na gamba la mgomba, na sasa msichana niliyekuwa nikimshusha mgongoni ananiambia nicheze na watoto.

Nilingoja mpaka akapanda kiti cha kamba kwenda juu. Nikarudi kwenye gari ambalo halikuwa limefungwa, nikachukua ile ski pana ya theluji laini. Sikuomba. Buti, zikiwa zake, ziliingia kwenye vishikio vyake kwa mlio mmoja safi. Nakiri kwamba nilitabasamu.

Sikufika hata nusu ya mlima. Ski pana juu ya barafu haina pa kuuma. Iliniendea kando kama meza inayosukumwa. Nikafungua miguu kufunga breki, kama Papa Anselme alivyosema. Ncha zikapandana, nikaenda chini, na kishikio hakikufunguka. Kilikuwa kimekazwa kwa ajili ya mtu mzito kuliko mimi, mwenye kasi. Ski ilielekea kwake na mimi kwangu, na goti likabaki katikati. Nilisikia mlio mmoja mdogo, kama mtu anayekunja karatasi ngumu.

Moraa alinikuta wakinishusha kwa machela ya theluji. Akaona ski zake. Nilijiandaa kwa maneno, hata nikatayarisha majibu.

“Si ungeniomba?” akasema. “Ningekuambia. Hizo zimefungwa kwa kilo zangu, na wewe kilo zangu unazijua, si hunitajia kila Krismasi?” Kisha akaanza kulia, palepale mbele ya wazungu, akinifuta theluji usoni kwa glavu. “Hata mimi hazinipendi, Kerubo. Nimezivaa mara mbili.”

Mwezi wa tatu darasa likaanza bila mimi. Nilikuwa na magongo mawili na goti lililoshonwa, na nafasi yangu akapewa mwingine. Niliingoja tena mwaka mzima. Kwenye nyumba ya wazee walinihamishia kwenye chumba cha kukunjia mashuka, ambako unaweza kufanya kazi umekaa. Moraa alikuwa akinipeleka hospitalini, akinipikia ugali na matoke, na kosa langu hakulitaja hata siku moja. Afadhali angelitaja. Nilitaka kumfikia, nikaishia nyuma yake kwa mwaka mwingine, na safari hii hakuna aliyenirudisha nyuma ila mimi.

Msimu uliofuata goti lilikubali. Nikarudi Springfield kwa miguu yangu. Papa Anselme alitazama jinsi nilivyoingia nikichechemea, akaweka chini kifaa chake cha kunolea. Nikamwambia kabla hajaanza:

“Nateleza kilima kidogo cha saa mbili kutoka hapa. Mara nyingi ni barafu asubuhi na uji wa theluji mchana. Theluji laini naiona mara moja au mbili kwa mwaka. Naogopa kasi. Nikichoka, nafunga breki.”

“Aaa,” akasema, kama mtu aliyewekewa chai. “Sasa tunaweza kutafuta.”

Akanitolea jozi moja isiyovutia macho. Upana wa katikati, si mwembamba wala mpana. Ilinifika puani niliposimama nayo. Ukiikunja inakubali, lakini si upesi. Kingo zake alizinoa mbele yangu kwa ajili ya barafu, na vishikio akavikaza kwa uzito wangu na woga wangu.

“Hii haitashinda ingine fasi hata moja,” akaniambia. “Lakini haitakutupa fasi hata moja.”

Niliitelezea miaka tisa. Ilinipitisha kwenye barafu, kwenye uji, kwenye matuta, na siku zile chache za theluji laini ilizama kidogo, nami nikazama nayo nikicheka.

Usidhani wivu uliisha siku hiyo. Nikikuambia hivyo utajua nadanganya, maana hata wewe ni mtu wa kuhoji. Moraa akipiga simu na habari njema, bado kuna kitu kinanichoma hapa chini ya shingo kabla sijampongeza. Tofauti ni kwamba sasa nakijua, na sikipi ufunguo wa gari.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukitaka jozi moja itakayokufaa kila mahali, usianze dukani, wala usianze juu ya gari la mwenzako. Anza kwa kugeuza zile za kukodi ulizo nazo na kusoma matumbo yake: umepita wapi hasa, umeogopa wapi, umeisha upande gani. Mlima unaoteleza mara nyingi ndio uununulie, na ule wa picha ukodishie siku utakapokwenda. Karatasi ijaze kwa uzito wako na woga wako. Na kitu cha mwenzako kikikuwasha, kiombe kwa mdomo. Aibu ya kuomba huisha jioni hiyohiyo, lakini goti langu hunikumbusha kila mvua ikikaribia. Fanya hivyo pia kwa shule unayoitaka, kazi unayoitaka, na mtu utakayeolewa naye.

Mungu akulinde magoti yote mawili. Akupe mlima wa kukutosha na macho ya kuona unaposimama, na yule aliyekutangulia kununua naye afike chini salama, mkutane hapo mkinywa kitu cha moto.

Nina jambo moja la mwisho. Papa Anselme alifariki miaka mingi baadaye, na Moraa na mimi tulikwenda kuwafariji watu wake. Mimi niliyehoji kila kitu sikuwahi kumuuliza yeye anatelezaka fasi gani, na ni vizuri, kwa sababu wakati ule jibu ningelitumia kumpuuza. Binti yake alituambia jikoni, akicheka na kulia pamoja, kwamba baba yake hakuwahi kuvaa ski hata siku moja.