Uzio wa Vinasanzi

Pudensiana hakuwa mtu wa kupendwa haraka, na wala hakuhangaika kupendwa. Alikuwa Mbende wa Mwese, kijiji cha milimani, mrefu, mkavu wa maneno, mjane tangu mwaka themanini na tisa. Hakuwahi kuzaa. Kule milimani mwanamke asiyezaa husamehewa mambo machache sana, na yeye hakuomba asamehewe. Shambani alilima peke yake, na kanisani alitoka wa kwanza. Watu walisema ana maringo. Hayakuwa maringo, alikuwa amechoka kuulizwa.

Chini ya shamba lake palikuwa na mbuga ndogo yenye chemchemi, maji yakichuruzika mwaka mzima bila kuwa kijito. Kwenye tope lile, lisilootesha hata mchicha, kiliota kinasanzi. Mgeni angekipita bila kukiona. Ni mmea usiozidi upana wa kizibo cha soda, mwekundu, umelala chini kabisa, na kila jani limejaa vinyweleo vyenye matone yanayonata. Kijidudu kikitua pale hakiruki tena. Jani linajikunja juu yake polepole, na baada ya siku chache kinachobaki ni ganda kavu. Watoto walikichezea kwa kukilisha sisimizi, na wazazi wao walikichemsha kutibu kikohozi. Pudensiana alikipenda tu, bila sababu ya kumweleza mtu.

Alipomaliza matanga ya mumewe alianza kukiotesha nyumbani. Alichukua sufuria iliyotoboka, akaijaza tope la mbugani, akapandikiza. Kwa kuwa alikuwa mkulima, akafanya ambalo mkulima yeyote angefanya: aliweka samadi ya mbuzi. Ndani ya wiki mbili vyote vilioza. Akarudia, akazidisha samadi, vikaoza haraka zaidi. Mara ya tatu alisahau kuiweka, na vinasanzi vikastawi, vikatoa na maua meupe. Ndipo alipojua kwamba mmea ule hautaki kulishwa kutoka chini. Unataka udongo mbovu, maji ya mvua na jua kali, chakula utajitafutia wenyewe. Alicheka peke yake siku hiyo, jambo ambalo majirani walilisikia na kulijadili.

Hata hivyo vya kwenye masufuria vilikuwa vikifa kila kiangazi, na kila mwaka alishuka mbugani kuchukua mbegu nyingine. Mbuga ikiharibika, basi. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Siku moja alimwambia mwenyekiti wa kijiji, Methusela, bila kupepesa macho, "Nyie mna watoto wa kuacha. Mimi nitaacha kinasanzi kile pale." Methusela akadhani anatania.

Mtu pekee aliyemzoea alikuwa Luhende, Msukuma aliyehamia na familia yake na ng'ombe kumi na saba mwaka tisini na mbili. Pudensiana ndiye aliyemwonyesha mahali pa kujenga zizi, pembeni ya shamba lake. Luhende hakuwahi kumuuliza habari za watoto. Kila Jumapili alimwachia kibuyu cha maziwa mlangoni, na malaria ilipomwangusha Pudensiana alimpakia kwenye baiskeli na kuisukuma mpaka zahanati, kilima baada ya kilima, bila kulalamika.

Kiangazi cha mwaka tisini na nne, Luhende alichoma nyasi za mbugani mapema, kama alivyofanya miaka iliyotangulia, ili majani mabichi yachipue. Kisha ng'ombe wakashuka kunywa. Miaka ya nyuma Pudensiana alikuwa mbali kwenye mavuno ya kibarua wakati huo, na aliporudi alikuta majani yameshachipua. Safari hii alifika siku ile ile. Alikuta ardhi nyeusi, na kwenye tope alama za kwato, na ndani ya kila alama vinasanzi vimepondwa. Hakwenda kwa Luhende, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Alikwenda moja kwa moja kwa Methusela.

Mkutano wa kijiji uliitishwa. Tuseme ukweli, wengi waliokuja hawakujali mmea wala chemchemi. Hawakuwataka wafugaji, na walikuwa wakingoja mtu wa kuanza. Luhende alisimama na fimbo yake, wanawe wawili wakubwa wakiwa nyuma yake.

"Dada Pudensi," alisema, "tangu nifike, ng'ombe wanakanyaga pale. Moto nachoma kila mwaka. Na kila mwaka wewe unashuka na kapu unachuma. Sasa leo kimeharibika nini?"

Lilikuwa swali zuri. Pudensiana angekaa nalo hata usiku mmoja tu, hadithi hii isingekuwepo. Lakini alikuwa na hasira, na watu walikuwa wanamtazama.

"Nyie mnajua ng'ombe tu!" alifoka. "Mlikotoka mmemaliza, mmekuja kutumalizia na sisi."

Watu walipiga makofi. Tangu aolewe hakuna aliyewahi kumpigia makofi pale kijijini, na aliona utamu wake mwili mzima. Sheria ikapita siku ile ile: mbugani marufuku moto, marufuku mifugo. Wiki haikuisha, Luhende akavunja zizi akahama, na wafugaji wachache waliobaki wakamfuata. Ilisikika baadaye kwamba ndama wawili walimfia njiani kwa kukosa maji.

Pudensiana alizungushia mbuga uzio wa miiba kwa mikono yake, akachanika mpaka viwikoni. Mwaka wa kwanza vinasanzi vilijaa, akajisifu. Mwaka wa pili nyasi zilifika magotini, akafurahi kwamba ardhi inapumzika. Mwaka wa tatu zilifika kifuani. Alipozitenganisha akaona vinasanzi vimekuwa vyembamba, virefu, vya kijani kilichopauka, vinatafuta jua. Havikuwa na tone hata moja. Akadhani kuna mtu anamwingizia mbuzi kwa siri, akagombana na nusu ya kitongoji.

Kisha zikaja mvua za El Nino. Ukuta wa kibaraza ukaporomokea masufuria yote, na nyasi za mbugani zikapita kichwa cha mtu. Alifyeka kwa mundu siku kumi na mbili. Zilizolala chini zikawa godoro, zilizobaki zikachipua upya. Mwaka tisini na nane alitambaa kwa magoti ndani ya uzio wake kuanzia asubuhi mpaka mchana, na hakukuta kinasanzi hata kimoja. Alilia kwa sauti, na safari hii hakujali nani anasikia. Swali la Luhende lilikuwa limemfikia, likiwa limechelewa miaka minne: moto na kwato ndivyo vilivyokuwa vikizuia nyasi.

Alikwenda kwa Methusela kuomba aruhusiwe kuchoma moto. Methusela alicheka mpaka akakohoa. "Mama, sheria si uliitaka mwenyewe?"

Basi akachukua kopo la maziwa lenye mfuniko, akatembea siku nzima, akapata lifti ya lori la mahindi, akafika Kabungu, alikohamia Luhende. Luhende alikuwa ameota mvi. Alimpokea vizuri mno, akampa kiti na maziwa mgando, akamuulizia afya. Kisha wakashuka pamoja bondeni, maana ng'ombe walikuwa wakinywa. Tope lote lilikuwa limevurugwa kwa kwato, na katikati ya alama za kwato, mpaka macho yalipoishia, ardhi ilikuwa nyekundu kwa vinasanzi.

"Ah, hivi?" alisema Luhende. "Huku vipo kibao. Tunavikanyaga tu."

Pudensiana alishindwa kumtazama. "Rudi, kaka. Nitasimama mbele ya kijiji kizima niseme nilikosa."

Luhende aliegemea fimbo yake. "Ningekuwa peke yangu ningerudi, dada. Mimi sina kinyongo. Lakini wanangu walikuwepo siku ile. Walikusikia, na yale makofi waliyasikia." Akaelekeza fimbo kwenye tope. "Chukua unavyotaka. Jaza hilo kopo."

Pudensiana alichuchumaa. Alikaa hivyo mpaka ng'ombe wa mwisho alipomaliza kunywa, kidole chake kikiwa juu ya jani jekundu linalonata. Kisha akasimama, akafunika kopo likiwa tupu, akashukuru kwa maziwa, akaaga. Alikokuwa anarudi kulikuwa na mbuga nzima ya nyasi, na Mwese yote haikuwa na ng'ombe hata mmoja wa kuikanyaga.