Siku Wanawake Walipotuachia Jiko

Watu wa siku hizi wakienda mjini huuliza chakula kitamu kinapatikana wapi. Mimi, mara ya kwanza nilipoingia Arusha, enzi za Mdachi, niliuliza mahali pa kulia pasipopita mwanamke. Wa kwanza niliyemuuliza alicheka. Wa pili alidhani nina nia mbaya, akanifukuza na mbuzi wangu.

Nilikuwa morani, kijana wa Kiarusha kutoka upande wa magharibi wa Mlima Meru, nywele ndefu zimekolea mafuta na udongo mwekundu, mkuki mkononi, majivuno hayana kifani. Kwa wasiotujua nieleze mapema. Morani wa wakati ule hakula nyama iliyokwisha kuonwa na mwanamke aliyeolewa. Ikionwa, kwake haikuwa chakula tena, hata kama njaa inamkata utumbo. Tena hakula peke yake. Alikula na mwenzake wa rika, au alilala na njaa. Ndivyo tulivyofunzwa kujizuia na kukumbukana, na nasema wazi kwamba tuliona fahari.

Mwenzangu wa rika, ambaye tulitahiriwa asubuhi moja, alichukuliwa kwenda kujenga boma la Mdachi. Vijana wetu wengine walimaliza zamu yao wakarudi, lakini yeye alibakizwa kwa kuwa alijua kupanga mawe yakakaa. Akawa morani pekee katikati ya wageni, na chakula cha wajenzi kilipikwa na wake wa askari. Siku ya soko pale Ngaramtoni tukapata habari kwamba hali chakula. Anakunywa maji na kutafuna miwa, ambayo kwetu haikuhesabiwa kuwa chakula, na ameonekana akipepesuka juu ya ukuta. Ukuta ule ulikuwa mrefu, na chini yake kulikuwa na mawe matupu.

Mama yake aliposikia hakulia. Alikuja mpaka nilipokuwa, akaniambia, "Nenda ukale naye." Baba yake akanikabidhi mbuzi maksai, mnono.

Niliondoka kabla jua halijachomoza, nikafika mjini asubuhi, na mdomo wangu ulibaki wazi. Sikuwahi kuona nyumba yenye pembe nne, na sasa niliona safu nzima, nyingine zimeezekwa mabati yanayochoma macho. Boma lenyewe lilikuwa jeupe kwa chokaa. Mlima wetu, ambao nyumbani ulijaza mbingu, ulikaa nyuma ya bendera ya Mdachi ukionekana mdogo kidogo, nikaukasirikia.

Lakini kilichonishangaza kuliko yote ni chakula. Watu walikula njiani! Kwenye baraza la duka la Mhindi mzee mmoja alimwaga kinywaji chekundu kwenye kisahani akakinywa kwa kelele, mbele ya kila mtu, bila haya. Kwa Mgiriki kulikuwa na tanuri la udongo, na harufu ya mkate iliyotoka humo ilinisimamisha mpaka mbuzi akanivuta yeye. Kisha nikafika kwenye safu ya wapishi, karibu na lango la boma. Wanawake waliotoka pwani na waume zao walikaa kwenye vigoda nyuma ya mafiga yao, wakipakua wali, maharage, nyama ya mchuzi, na vitumbua vilivyovimba kwenye mafuta. Mtu alikaa, akala, akajifuta mdomo, akaenda zake. Mji mzima ulikuwa mdomo mmoja unaotafuna. Mate yalinijaa kinywani, lakini kila chungu kilikuwa na mwanamke juu yake.

Nilimwona mwenzangu ukutani. Mabega yalikuwa yamekonda, na macho yameingia ndani. Alishuka jiwe kwa jiwe kama mzee, na mimi nilijua jinsi kijana yule alivyokuwa akiruka.

"Umekuja na nini?" aliuliza.

"Mbuzi."

Alifumba macho kidogo. "Tafuta mahali. Tarumbeta ya mchana ikilia nitakuja. Ikilia tena lazima niwe nimerudi."

Basi nikazunguka. Nyuma ya maduka kulikuwa na wake wa wapagazi wakifua. Uwanja wa misafara ulikuwa na wanaume wapishi, nikafurahi, mara nikaona wake zao wamekaa papo hapo wakiwakosoa. Kurudi msituni kwetu kusingewezekana ndani ya tarumbeta mbili. Mwishowe niliteremka Mto Themi, nikapata kichaka kwenye kingo, kimya kabisa. Nikachinja, nikachuna, nikachomeka nyama vijitini kuzunguka moto. Mwenzangu alipokuja mafuta yalikuwa yakidondoka na kulia motoni. Nilimkatia kipande cha ubavu. Alikishika kwa mikono miwili.

Hapo majani yakafunguka, na mwanamke mwenye mtungi kichwani akatokea.

"Hodi, wanangu! Harufu hiyo imenivuta toka kule juu," alisema akicheka, akaitazama nyama yote, kipande kwa kipande, kama mpishi anavyotazama.

Mwenzangu aliushusha ule ubavu juu ya majani. Mimi nilitaka kupiga kelele mpaka mlima unisikie. Ni mchana, mtoni, mahali ambapo wanawake wote wa mji huteka maji, na mimi, mtu wa nyumbani ambako maji huletwa na mama, sikuwaza hata kidogo maji ya mjini huletwa na nani!

"Chukua, mama," nilimwambia kwa Kiswahili changu cha kuokoteza kwa wapagazi. "Yote."

"Mbuzi mzima? Kwani nimewakosea nini?"

Nikamweleza kwa shida. Alikuwa mmoja wa wale wapishi wa langoni, mke wa askari, mtu mzima mwenye hina mikononi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo kicheko kilivyomtoka usoni. Alimtazama mwenzangu, mbavu zake, shingo yake.

"Macho hayana pazia," alisema polepole. "Ndiyo haya yamemnyima mtoto wa mwenzangu chakula."

Tarumbeta ikalia. Mwenzangu aliinuka akarudi ukutani na njaa yake, akipita kandokando ya ile nyama bila kuigeukia. Nimeona watu wengi wanaoitwa mashujaa tangu siku hiyo. Sijaona kama yule.

Mama yule alinishika mkono, jambo ambalo hakuna mwanamke mgeni aliyewahi kunifanyia. "Kesho asubuhi njoo jikoni kwetu," akasema. "Usiulize."

Nilikwenda. Safu ilikuwa kama jana, moshi na vyungu na kelele. Aliponiona alipiga makofi, na wanawake wote wakasimama. Wakafunika vyungu. Wakatwaa mitungi, nguo za kufua, watoto wachanga mgongoni, wakaanza kuteremka kuelekea mtoni. Mwingine alinung'unika kwamba wateja watakwenda kwa Mgiriki, na mama yule akamjibu, "Waende! Jana morani walikuja mtoni kwetu, leo sisi tunawaachia jiko. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Alinionyesha beberu wake aliyefungwa nyuma ya banda, kuni zimepasuliwa, chungu cha maji, chumvi kwenye jani. Akafunga khanga zake kwenye nguzo za upande wa njia. Kisha naye akaenda, bila kugeuka hata mara moja.

Nilibaki nimesimama peke yangu kwenye jiko la mji mzima. Mimi niliyetembea na mkuki nikidhani dunia inanipisha kwa kuniogopa, nilikuwa nimepishwa na wanawake wasionijua, kwa huruma tu. Wanaume walikuja kula, wakakuta vyungu vimefunikwa na morani mmoja anachuna mbuzi. Wakauliza wapishi wako wapi. Nikawaambia wako mtoni, wanasubiri mtu ale.

Mwenzangu alikuja tarumbeta ilipolia. Nilikuwa nimetia magome ya dawa kwenye supu. Alikunywa, akatetemeka, akanywa tena. Kisha tulikula, tukipokezana kisu, na kutoka mtoni tulisikia wanawake wakiimba makusudi, kwa sauti kubwa, ili tujue wapo mbali. Aliporudi ukutani alipanda bila kushika. Walifanya hivyo tena baadaye, mara kwa mara, na mbuzi nikaleta mimi, mpaka zamu yake ilipokwisha nikarudi naye nyumbani kwa mama yake.

Miaka ikapita. Rika letu likakua, tukanyolewa nywele, tukaoa, na siku ikafika ya kutuondolea ule mwiko: wake zetu waliona nyama nasi tukaila. Kesho yake mwenzangu aligonga kwangu asubuhi na mapema. Alikuwa na mbuzi. Hakuhitaji kunieleza tunakwenda wapi.

Safu ya wapishi ilikuwa imerefuka. Mama yule alikuwapo bado, kichwa cheupe chini ya khanga. Alitutambua upesi, sisi na mbuzi wetu. Papo hapo akafunika chungu chake, akatafuta mtungi, akawaita wenzake waondoke.

"Ngojeni, wanangu, tunawapisha."

Mwenzangu alimshika mkono, kama yeye alivyonishika mimi zamani. "Yeyo," alimwita kwa neno letu la mama, "leo usiende. Kaa."

Tulichinja na kuchoma mbele yake. Mwenzangu alikata ubavu, akauinua mbele ya macho ya mama yule mpaka alipohakikisha ameuona vizuri, ndipo akauma. Mama alikaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, akatutazama tukila mpaka mfupa wa mwisho.